Thamani ya stoki: PEPS, DEPS na wastani

Mama mmoja mwenye depo ya unga karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi, alikuwa na mifuko 20 ya kilo 25. Kumi ya kwanza ilimfikia kwa dola 18 mmoja. Bei ikapanda, kumi ya pili ikamfikia kwa dola 24. Ameuza 12 kwa dola 26, droo ina dola 312. Faida yake ni ngapi?

Kwanza neno "ilimfikia". Gharama ya mfuko si bei ya kununulia tu. Weka na ushuru, lori kutoka Kasumbalesa mpakani na Zambia, na vijana walioshusha mzigo. Wengi huviacha nje, kisha wanashangaa pesa imeenda wapi.

Sasa, mifuko ikishapangwa ukutani, nani atajua upi ni wa 18 na upi wa 24? Ndipo zinapoingia njia za kuthamini stoki: kanuni ya kuamua gharama ipi imetoka na mauzo, na ipi imebaki depo.

PEPS, kama makontabule (wahasibu) wetu wanavyoiita kwa kifupi cha Kifaransa, maana yake kilichotangulia kuingia ndicho kinatangulia kutoka. Mifuko 10 ya dola 18 na 2 ya dola 24 ni dola 228. Faida 84. Depo inabaki na mifuko 8, jumla dola 192.

DEPS ni kinyume: cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Kumi za 24 na mbili za 18 ni 276, faida inashuka hadi 36, stoki 144. Marekani inaikubali, hasa kwa sababu faida ndogo ni kodi ndogo. Kwetu hapana: Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na mfumo wake wa uhasibu unakubali PEPS na wastani tu kwa bidhaa zinazofanana hivi. (Pikipiki yenye namba ya chesisi haina shida hii, kila moja inabeba gharama yake.)

Wastani, ambao kwa kifupi cha Kifaransa ni CUMP, ni gharama yote kugawanywa kwa idadi ya mifuko: dola 420 gawanya kwa mifuko 20, unapata 21. Kumi na mbili ni 252, faida 60, stoki 168. Lakini angalia tarehe. Kama 4 iliuzwa kabla mzigo wa pili haujafika, ilitoka kwa 18. Sita iliyobaki ni dola 108, ongeza 240, gawanya kwa 16: wastani mpya ni 21.75. Unapiga hesabu upya kila mzigo unapoingia.

Ukijumlisha gharama ya iliyouzwa na ya iliyobaki, njia zote zinarudi kwenye 420 ileile. Na hii ni karatasi tu: hata ukitumia wastani, toa unga wa zamani kwanza, kabla fukusi hawajaufikia.

Mimi PEPS naiogopa kidogo bei zinapopanda. Inamwambia mama amepata dola 84, anazitoa zote kulipa ada ya shule. Droo inabaki na 228, na kwa bei ya leo hiyo ni mifuko 9 na nusu, wakati aliuza 12.