Je, wajua? Ua la okidi linajuaje kwamba limeshapata chavua?

Wakulima wa vanila kule Mukono na Bundibugyo, Uganda, hili wanaliona kila msimu. Vanila ni okidi, ua lake linafunguka asubuhi moja tu na hapa kwetu hakuna wale wadudu wa kwao Mexico, so mtu anachavusha kwa mkono, anachukua kijiti, anainua kale kangozi kanakotenganisha sehemu ya kiume na ya kike halafu anabonyeza kwa kidole gumba mpaka chavua inagusa stigma, yaani ile sehemu ya kike inayopokea chavua, mbinu iliyogunduliwa na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Akipita tena baadaye anakuta ua ambalo halikushika limedondoka, na lililoshika limenyauka lakini bado liko pale kwenye ncha, na chini yake ovari, yaani kifuko cha mbegu, inarefuka kuwa ganda la vanila.

Sasa nani amelipa ua hiyo habari?

Ni chavua yenyewe, manake inakuja na homoni inaitwa oksini. Mjerumani mmoja, Hans Fitting, alionyesha mwaka 1909 kwamba hata maji yaliyolowekwa chavua ya okidi, ukiyapaka kwenye stigma, ua linaanza kubadilika kama limechavushwa kweli. Baadaye ndiyo ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya oksini.

Oksini ikifika kwenye stigma, jeni zilizokuwa zimetulia zinaanza kusomwa. Ya kwanza ni ile ya kutengeneza enzaimu ya ACC sinthasi, hii inatoa kitu kinaitwa ACC, malighafi ya ethilini, halafu enzaimu ya pili, ACC oksidasi, inageuza ACC kuwa gesi ya ethilini. Na ethilini ikishatoka inaamsha jeni za kutengeneza ethilini zaidi, moto unajichochea wenyewe.

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Wanasayansi walipochunguza Phalaenopsis, ile okidi ya vyungu inayouzwa sana madukani, walikuta jeni ya ACC sinthasi inafanya kazi kwenye stigma na ovari ila kwenye petali, yale majani ya rangi ya ua, haionekani kabisa, kule kuna ACC oksidasi tu. Yaani petali haziwezi kujitengenezea ACC, zinaletewa kutoka katikati ya ua, zikishaipata zinaigeuza kuwa ethilini na hiyo ethilini ndiyo inazinyausha. Phalaenopsis ambayo haijachavushwa inaweza kukaa imechanua miezi miwili au zaidi, ukiichavusha siku chache tu imelegea. Kwa hiyo kunyauka kule si uchovu, ua limepewa amri, petali kazi yake ilikuwa kuita wadudu na sasa hawahitajiki, maji na chakula vielekee kwenye ovari.

Na ovari nayo ina maajabu yake, mimea mingi inafungua ua mayai yakiwa tayari lakini okidi nyingi hapana, mayai hayajaumbika bado! Mpaka chavua ifike, oksini na ethilini zifanye kazi yao, ndiyo ovari inaanza kuyaumba, na kwa Phalaenopsis kurutubishwa kwenyewe kunakuja zaidi ya miezi miwili baada ya kuchavushwa. Nadhani ni akili sana, tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, mmea ungegharamika bure kuandaa yote hayo wakati maua mengi hayapati mgeni kabisa.

Ethilini hii ni ile ile inayoivisha ndizi. Kwa hiyo kama umenunua okidi ya chungu pale Kampala usiiweke jikoni karibu na mabogoya yanayoiva, gesi yake inaweza kunyausha maua ambayo hayajawahi kuguswa na chavua hata kidogo.