Safari ya Unguja, Pemba na Mafia: Angalia Upepo na Maji Kabla ya Kukata Tiketi

Watu wanaotaka kwenda visiwani kupumzika hutuuliza sisi wa hali ya hewa swali lile lile: "Mwezi gani hauna mvua?" Ni swali la haki, lakini halitoshi. Mtu anaweza kufika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, anga jeupe, jua limewaka, na bado akakosa kila alichokifuata. Boti haitoki nje ya mwamba wa matumbawe kwa sababu ya upepo, na saa aliyotenga ya kuogelea ndiyo saa ambayo maji yamekimbilia mbali. Kwa Unguja, Pemba na Mafia, mvua naiweka ya tatu. Ya kwanza ni pepo za misimu, na ya pili ni kujaa na kupwa kwa maji.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua tarehe, amua unakwenda kufanya nini. Anayetaka kuzamia, anayetaka kuteleza majini kwa kaiti (tiara kubwa linalovutwa na upepo), anayetaka kumwona papa potwe na anayetaka tu kukaa ufukweni na watoto wadogo hawawezi kupewa mwezi mmoja, wala hata upande mmoja wa kisiwa.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, hushika Desemba na kuendelea mpaka Machi. Ni upepo wa joto, na siku nyingi si mkali. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, bahari yenyewe huwa na nyuzi 29 hivi, na usiku ndani ya nyumba za Mji Mkongwe hewa haisogei. Anayelala vibaya kwenye joto aulize kabisa kama chumba kina kiyoyozi. Kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, huingia baada ya masika na kutawala mpaka Septemba. Huu una nguvu zaidi. Wakati huo mgandamizo wa hewa huwa mkubwa kusini mwa Bahari ya Hindi na mdogo juu ya bara la Asia, kwa hiyo hewa huvutwa kutoka kusini, ikavuka ikweta huku ikiambaa na pwani yetu. Juni na Julai ndiyo kilele chake. Ni miezi mikavu yenye ubaridi mzuri, watu wanalala vizuri, lakini bahari ya nje imechafuka. Katikati ya pepo hizi mbili, hasa Oktoba na Novemba na tena kuelekea mwisho wa kaskazi, huja maleleji: upepo hauna uelekeo maalumu, bahari inatulia, na chini ya maji mtu anaona mbali.

Ukishajua upepo unatoka wapi, ramani ya kisiwa inaanza kukusaidia. Kusi hupiga pwani ya mashariki moja kwa moja: Paje, Bwejuu, Jambiani, Kiwengwa, Matemwe. Mwamba wa matumbawe ulio nje hupunguza nguvu ya mawimbi, hivyo maji ya ndani hayawi ya hatari, ila upepo hauachi kuvuma na majani ya bahari hutupwa ufukweni kwa wingi. Miezi hiyo anayetaka maji tulivu aende upande wa magharibi au Kendwa, kaskazini-magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinamkinga. Kwa wapenzi wa kaiti hesabu hugeuka: upepo huo huo unaomkera mwenye watoto ndio uliowajengea Paje jina lake. Wao wana misimu miwili, Juni hadi Septemba kwa kusi, na kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari kwa kaskazi. Wakija Novemba wataangalia bahari iliyotulia na kaiti zao zimelala mchangani.

Mafia inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu wengi hupanga safari ya huko kwa kutumia kalenda ya Unguja. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana upande wa magharibi karibu na Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi, na zaidi Novemba hadi Februari. Wanafuata uduvi na viumbe vidogo vinavyoelea karibu na uso wa maji. Watafiti waliowafungia vifaa vya kufuatilia waligundua kwamba baadhi yao hawaondoki Mafia mwaka mzima. Miezi mingine hukaa mbali na pwani na kwenye kina kirefu zaidi. Ndiyo maana atakayekwenda Julai anaweza kurudi bila kumwona hata mmoja, ingawa papa wapo. Akipata bahati ya kuingia nao majini, asiwaguse na asiwazibe njia.

Ila huyo wa Julai hana hasara. Kwenye kisiwa cha Juani, mashariki mwa Mafia, kasa huanguliwa kati ya Juni na Septemba, na kuona vitoto vyao vikitoka mchangani na kukimbilia maji ni jambo ambalo wa Desemba hatalipata. Nyangumi nao hupita kwenye bahari yetu kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi. Kuzamia ndani ya Ghuba ya Chole, ambayo imo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, kunawezekana hata wakati wa kusi, ila kwenye kuta za matumbawe nje ya ghuba ni mpaka kusi ilegee. Aprili na Mei hoteli nyingi za Mafia hufungwa kabisa, kwa hiyo ulizia kwanza. Kwa Pemba, ambako mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kirefu sana na kuta za matumbawe zinashuka wima, wazamiaji wazoefu huipenda Oktoba na Novemba, na tena Februari na Machi kabla masika hayajaanza.

Sasa maji. Hapa ndipo wageni wengi, na hata Watanzania wenzetu kutoka bara, wanapopoteza siku zao.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua hadi mita moja hivi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji chombo kingine: bamvua iko karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, maji mafu yako karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni saa. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa kwenye saa tatu unusu au saa nne asubuhi. Simama Jambiani saa nne asubuhi siku ya bamvua: ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga mkavu, wakinamama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, maji hayafiki magotini, na mwamba uko zaidi ya kilomita moja mbele. Ni wakati mzuri wa kutembea, kuona vidimbwi vyenye viti vya pweza na samaki wadogo, na kujifunza kazi ya mwani kwa wenyewe. Vaa viatu vya raba, kwa sababu wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wamejaa kwenye mawe, na usikanyage kamba za mashamba. Kwa kuogelea, ngoja alasiri.

Kwa hiyo mwenye siku chache na anayetaka kuogelea asubuhi na mchana pwani ya mashariki achague wiki ya maji mafu. Anayetaka kutembea kwenye mwamba achague bamvua. Asiyeweza kuchagua tarehe basi achague mahali: Nungwi na Kendwa mtu anaogelea karibu saa zote, kwa kuwa maji hayarudi mbali. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Mvua yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Masika huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndiyo nzito. Mvua inaweza kunyesha siku kadhaa mfululizo, barabara za vijijini zikaharibika na maji ya pwani yakawa na tope. Bei hushuka sana na mashamba ya viungo hupendeza, kwa hiyo anayetaka utulivu na vitabu anaweza kuja, lakini siwezi kumshauri mtu afanye fungate Aprili. Vuli ni ya Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida ni ya vipindi vifupi, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Vuli ndiyo inayobadilika zaidi mwaka hadi mwaka, kwa sababu hufuata joto la Bahari ya Hindi na El Niño. Mwaka 2019, na tena 2023, ilinyesha kupita kiasi. Anayepanga Novemba asome mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla vuli haijaanza. Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini Kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kwa hiyo nadra haina maana ya kutotokea.

Jua nalo linadanganya wakati wa kusi. Upepo unakupoza ngozi, huoni kwamba unaungua mpaka jioni. Jipake mafuta ya kukinga jua na uvae fulana majini.

Kuna mambo ya kalenda ya watu pia. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, na mwezi huo migahawa mingi hufungwa mchana na mgeni anatakiwa asile wala kunywa hadharani. Futari za jioni, kwa upande mwingine, hazina mfano. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kusini mwa Unguja, huja Julai.

Linalonikosesha usingizi ni kuvuka bahari kwa boti. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa kwenye kilele, feri MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na watu wengi walipoteza maisha. Tunapotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, tumeshapima, na boti zinapozuiwa bandarini kuna sababu. Ukisafiri kati ya Juni na Agosti, usipange ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile unayovuka kutoka Unguja, na kwa Pemba na Mafia acha siku nzima katikati. Siku tano kabla ya safari anza kufuatilia utabiri kila jioni, kisha asubuhi ya kuondoka muulize nahodha au mvuvi wa pale ulipo bahari ikoje. Akisema leo hapana, badilisha tiketi.