Mwani Sugu katika Tangi la Matumbawe: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani hukutana na mwani mapema, mara nyingi katika miezi ya mwanzo, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba maji yake ni machafu. Hupima virutubisho vinavyoulisha mwani, akakuta nitrati ni sifuri na fosfeti ni sifuri, kisha akabaki ameduwaa mbele ya mawe yaliyoota manyoya ya kijani. Dhana nyingi potofu kuhusu mwani huzaliwa hapo, macho yanaposema hili na kipimo kikasema lile.

Kipimo hakidanganyi, ila huonyesha kilichobaki ndani ya maji tu, bila kugusa kile kilichokwisha kuliwa. Mwani uliostawi hufyonza fosfeti kadiri inavyotolewa, hivyo tangi lenye mwani mwingi linaweza kusomeka kama maji ya bahari kuu. Hesabu yake si ngumu. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya takriban asilimia 1, kwa hiyo gramu 1 ya chakula huingiza miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikigeuka fosfeti ni karibu miligramu 30. Katika tangi la lita 200, hiyo ni miligramu 0.15 kwa kila lita kwa mlo mmoja tu, nayo inazidi kiwango ambacho wafugaji wengi hukitafuta, yaani kati ya 0.03 na 0.1. Fosfeti hiyo isipoonekana kwenye kipimo, basi imo ndani ya mwani na viumbe wengine, imetolewa na vichujio, au imenasa ndani ya mawe. Watu wengi husahau mawe. Mawe ya chokaa hushika fosfeti na kuiachia polepole, na ndiyo maana mawe yaliyotoka kwenye tangi la zamani yanaweza kuulisha mwani wa tangi jipya kwa miezi kadhaa.

Dhana inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote: kwamba lengo ni sifuri. Wanaoishikilia husema kuwa maji ya miamba ya bahari hayana nitrati wala fosfeti ya kupimika, nao wako karibu na ukweli. Wanachokiacha ni kwamba mkondo na maji kujaa huuletea mwamba viumbe wadogo wasiohesabika, usiku na mchana, na tumbawe hujilisha kwao. Katika tangi, mkondo huzungusha maji yale yale. Aidha, ndani ya mwili wa tumbawe wamo viumbe wadogo waitwao zooksanthela, ambao nao ni aina ya mwani, na hutegemea nitrojeni na fosforasi kama mwani mwingine wote. Anayeondoa virutubisho vyote majini kwa vichujio vya oksidi ya chuma na dawa za kunyonya fosfeti huwadhoofisha hao kwanza, huku mwani wa juu ya jiwe ukiendelea kula kile jiwe linachotoa.

Kisha hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwani wa kijani unapopungua, mchanga hufunikwa na utando wa kahawia unaovutika kama makamasi, wenye viputo vya hewa, ambao hupungua usiku na kurudi adhuhuri. Hao ni dainoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja, nao hupata nafasi hasa pale nitrati na fosfeti zinapoisha na washindani wao wakafa njaa. Ipo njia rahisi ya kuwatambua bila hadubini: nyonya utando huo kidogo pamoja na maji, utie ndani ya chupa, utikise mpaka uvunjike wote, uyachuje maji kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uiweke chupa chini ya taa. Ikiwa nyuzi zitaanza kujisuka tena katika muda wa saa moja hivi, umekwisha kupata jibu. Hadubini hubaki na kazi ya kutofautisha jamii zao. Ostreopsis huelea majini usiku, hivyo taa ya miale ya urujuanimno inayopitishiwa maji huwapunguza sana, lakini Amphidinium hujificha mchangani na taa hiyo haiwafikii. Wa jamii ya Ostreopsis washikwe kwa uangalifu, kwa kuwa baadhi yao hutengeneza sumu kali. Mwaka 2005, huko Genoa nchini Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya viumbe hawa kufurika pwani.

Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ni jambo jingine kabisa. Hao ni bakteria, sayanobakteria, na baadhi yao huweza kuchukua nitrojeni ya hewani, hivyo kupunguza nitrati peke yake kunaweza hata kuwanufaisha.

Kuhusu mwanga, wapo wanaoamini kuwa kulifunika tangi gizani kwa siku tatu humaliza kila kitu. Giza hudhoofisha mwani, na matumbawe mengi yenye afya huvumilia siku hizo, lakini sehemu iliyoshikilia jiwe husalia na kilichoulisha mwani hakijaondolewa.

Dhana ya kuwa tatizo litakwisha kwa kununua mlaji, yaani kiumbe anayekula mwani, ina ukweli wa nusu, na nusu hiyo ni ya thamani. Mwaka 1983 ugonjwa ulioanzia upande wa Panama uliwaua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema antillarum, nungunungu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, katika bahari ya Karibi. Huko Jamaika, ambako samaki walaji mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, matumbawe yaliyofunika zaidi ya nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishuka chini ya asilimia 5 ilipofika mapema miaka ya 1990, na mahali pake pakatwaliwa na mwani. Mlaji, basi, ni nguzo. Hata hivyo, mlaji hutunza uwanja uliokwisha kufyekwa. Katika ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, mwani vamizi ulinyonywa kwanza kwa pampu kubwa iliyowekwa juu ya mashua, ndipo kuanzia mwaka 2011 wakawekwa nungunungu wa jamii ya Tripneustes gratilla, waliokuzwa kituoni, ili wale machipukizi. Jamii hiyo hiyo huishi pia katika bahari yetu ya Afrika Mashariki. Tangi halina tofauti: ng'oa kwa mkono na kwa mswaki, nyonya vipande kwa mpira wa maji, kisha uwaachie konokono wa Trochus, au samaki kama kangaja na tasi, machipukizi mafupi. Kangaja huhitaji nafasi ya kuogelea, na kumtia katika tangi la lita 100 kwa ajili ya kufyeka mwani ni kumwonea.

Kubadilisha maji kunasifiwa kupita uwezo wake. Asilimia 10 ya maji ikibadilishwa, nitrati ya miligramu 20 kwa lita hushuka hadi 18, basi. Na kama maji mapya ni ya bomba au kisima yasiyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoyasukuma maji kupitia utando mwembamba, huenda mtu anaongeza kile anachotaka kukipunguza.

Nililolichelewa kujifunza mimi ni kwamba mwani una majina. Niliusugua mmoja kwa miezi mitano nikidhani ni mwani wa nywele wa kawaida, mpaka nilipoutia katika kisahani cheupe na kuutazama kwa kioo cha kukuza: kila uzi ulikuwa na vitawi pande mbili, kama unyoya wa kuku. Ulikuwa Bryopsis. Walaji wengi huuepuka, na kipande kidogo kilichosalia huchipua. Wafugaji wengi sasa huutibu kwa flukonazoli, dawa ya fangasi wa binadamu, kwa kipimo cha takriban miligramu 5 kwa lita, wakiondoa kwanza mkaa wa kuchujia na kuiacha majini kwa wiki mbili. Kwa lita zangu 200, hizo zilikuwa kapsuli tano za miligramu 200. Siku ya tisa manyoya yaligeuka meupe. Fosfeti ilipanda ghafla, kwa sababu mwani unaokufa hurudisha ulichokula, hivyo kila jioni nilikaa na mpira nikiyanyonya mabaki kabla hayajaoza.