"Ukimzoeza watu atakuwa mpole": mambo ya Rottweiler ambayo nimechoka kuyasikia

Juzi Jumamosi hata chai sijanywa simu inaita, kaka mmoja wa Goba, "Dokta njoo haraka, mbwa kamng'ata dada wa kazi." Namuuliza mbwa gani, anasema Rottweiler, dume, mwaka mmoja na miezi miwili. Anakaa wapi? Bandani. Anatoka saa ngapi? Kimya kidogo, alafu likaja lile jibu ambalo nalisikia kila wiki na safari hii nimeona niliandike kabisa maana koo limenikauka kulijibu kwa mdomo: "Dokta mi simtoitoi, unajua hawa ukiwazoeza watu wanakuwa wapole, hawalindi tena."

Nikaenda. Banda la tofali, ukubwa wake kama kitanda cha sita kwa sita, mlango wa nondo na wavu, chini ya mlango kuna upenyo na pembeni umeegemezwa mpini wa fagio uliotafunwa ncha. Ule mpini ndo wa kusukumia sufuria ya chakula, na sufuria yenyewe ina matundu ya meno ukingoni. Yaani mwenye mbwa hajamgusa mbwa wake tangu akiwa na miezi minne. Mbwa anaruka wavuni, povu linamtoka, na kaka wa watu ananiangalia kwa fahari kama mzazi ambaye mwanae kafaulu la saba: "Unamwona lakini alivyo?"

Namwona. Nikamwambia funga kamba kwenye komeo, wote wengine ingieni ndani, mi na wewe tunaingia kwenye gari, alafu vuta. Akavuta. Mlango ukafunguka na unajua lile jitu lilikwenda wapi? Nyuma ya tanki la maji. Mkia kaufyata, masikio yamelala nyuma, macho yanatoa weupe pembeni, anatetemeka, akakojoa pale pale. Kilo arobaini na kitu za mbwa zinakojoa kwa sababu zimeuona uwanja wa nyumba yao wenyewe mchana. Kaka kanyamaza. Baadaye tukapata na hadithi ya dada wa kazi: aliona mbwa kimya leo, akaingiza mkono pale chini kuvuta sufuria aioshe, mbwa alikuwa kajikunja kona hana pa kukimbilia, akashika mkono.

Sasa nisikilizeni vizuri maana hapa ndo watu wanachanganya. Mbwa anayelinda na mbwa anayeogopa wote wanabweka, wote wanaonyesha meno, ukiwa nje ya geti huwezi kuwatofautisha, ila mmoja anajua anachofanya na mwingine anajitetea tu. Anayeogopa anamng'ata aliye karibu, na aliye karibu na mbwa wako siyo mwizi, ni dada wa kazi, ni mtoto aliyefuata mpira, ni shemeji aliyekuja kusalimia toka Moshi, ni fundi bomba. Mwizi yeye hana haja ya kumsogelea. Anarusha kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta saa nane usiku, na mbwa ambaye hajafundishwa chochote zaidi ya kusukumiwa sufuria anakimeza kabla hakijatulia chini. Hao nimewaona wengi, unaitwa asubuhi kushuhudia tu.

Alafu kuna hili ambalo hakuna anayelifikiria: mbwa atajuaje hii siyo kawaida kama hajui kawaida ikoje? Yule anayekaa na watu uwanjani anajua geti linavyolia baba akirudi, anaijua pikipiki ya kijana wa gesi, anajua bibi wa mboga anapita saa ngapi na huwa anaita vipi, kwa hiyo siku mtu akikanyaga upande wa jikoni saa tisa usiku anainuka na anachobweka kina maana. Wa bandani kwake kila kitu ni balaa, jani likidondoka anabweka, paka akipita anabweka, mwisho nyie wenyewe mnamzoea mnalala, na siku mwizi akija kweli mnasema "aah huyo naye kazi yake kelele".

Watu wananiambia "lakini Dokta hii ni mbegu kali, imetengenezwa hivyo." Imetengenezwa na nani? Hawa mbwa jina lao linatokana na mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, na kazi yao ilikuwa ya buchani: wenye bucha walikuwa wanaswagia ng'ombe nao na kuwafunga wavute mikokoteni ya nyama. Hebu fikiria mnada wa Pugu ulivyo, watu, ng'ombe, vumbi, makelele, mbwa anapita katikati. Angekuwa anang'ata kila mpita njia mwenye bucha angefilisika kwa kulipa watu. Mwaka 1910 wakatambuliwa rasmi kule kuwa mbwa wa polisi, na mbwa wa polisi anashinda na askari wake, anapanda naye gari, anapita stendi katikati ya abiria. Umewahi kuona mbwa wa polisi anasukumiwa chakula kwa mpini wa fagio?

Kwa hiyo ufanyeje. Ubongo wa mbwa mdogo unapokea dunia vizuri kuanzia wiki ya tatu mpaka kama wiki ya 14, baada ya hapo mlango unaanza kujifunga, na nyie wengi mnamnunua wiki ya nane alafu mnamtupa bandani mpaka miezi sita "akomae", yaani wiki zote za maana zimepotea akiangalia ukuta. Ukishamleta mtoe kila siku. Chanjo hazijaisha? Mbebe mkononi, usimweke chini kwenye michanga ya mbwa wengine, kaa naye dakika kumi karibu na kijiwe cha boda aone helmeti, aone miavuli, watoto wa shule, mama mwenye beseni kichwani. Mgeni akija nyumbani usimlazimishe mtoto wa mbwa kushikwa, mpe mgeni chembe mbili tatu za chakula amrushie chini na aendelee na mazungumzo yake. Mfundishe dakika tano mara tatu kwa siku, siyo saa nzima Jumapili. Na ukinisikiliza kitu kimoja tu basi kiwe hiki, mfundishe "acha". Weka kipande cha nyama chini, kikanyage na kiatu, asubiri, akiacha kukwangua na kukutazama usoni mpe kipande kingine kizuri zaidi kutoka mkononi. Kila siku. Hilo zoezi ndo litakalomsaidia siku nyama ya ukutani itakapokuja. Haliondoi hatari yote, ila bila hilo hana kitu kabisa.

Na sijasema alale kitandani kwako. Najua nyumba nyingi huku Pwani mbwa haingii ndani kwa sababu ya udhu na mambo ya dini, wala hakuna tatizo, mbwa wa uwanjani anaweza kuwa na akili timamu kabisa. Banda liwepo, lenye kivuli na maji, awe anaingia kupumzika. Ninachokataa ni banda kuwa maisha yake.

Wa Goba je? Sijamwahidi kaka chochote. Mbwa wa umri ule aliyeharibiwa unaanza kwa kukaa tu nje ya wavu unasoma gazeti na kumrushia chakula bila kumtazama, wiki nzima, mbili, ndo ufikirie kamba na mkanda wa kumfunga mdomo. Wengine wanarudi, wengine hawarudi kabisa, na inauma kwa sababu alizaliwa mzima.

Dada wa kazi nilimkuta jeraha limepakwa mafuta ya taa na kufungwa kipande cha khanga. Jamani! Aking'atwa mtu ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kuangalia saa, alafu hospitali siku hiyo hiyo akapimiwe kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba, mtu anakufa. Kadi ya chanjo ya mbwa nilipoiomba ikawa "iko kwa yule aliyeniuzia".

Haya, mengine haraka haraka.

Pilipili, bangi, baruti, nyigu wa kukaanga. Ndiyo, kuna mzee wa Kibaha aliniambia nyigu, nikadhani utani. Hakuna hata kimoja kinacholeta ulinzi. Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo, bangi inamlewesha anayumba na kujikojolea na inaweza kumpeleka pabaya, na ukali mnaouona baada ya hapo ni maumivu. Wewe ukilishwa baruti utakuwa mpole? Nyama mbichi nayo haimfanyi atamani watu, ubaya wake ni minyoo na bakteria tu.

Chakula sasa. "Pumba na utumbo zinatosha, mbona wa jirani anaishi." Anaishi, ndiyo, ila wa jirani ni koko wa kilo 15 na wako atafika 50. Ugali siyo sumu, changanya na dagaa au nyama na mboga kwa mbwa mkubwa anaenda, ila wa chini ya mwaka akipata chakula maalum cha mbwa wadogo wa mbegu kubwa ndo vizuri kama mfuko unaruhusu. Pumba au unga uliopata ukungu usimpe, wala usiuchemshe ukadhani umepona, sumukuvu haifi kwa kuchemsha na inamaliza ini. Na wale mnaokwenda duka la vyakula vya kuku kununua DCP, ule unga wa madini ya kalisiamu na fosforasi, mumwongezee "mifupa iwe minene", acheni, kalisiamu ikizidi kwa mtoto wa mbwa mkubwa mifupa inakua vibaya, miguu inapinda, alafu mnaniletea mkisema ni mbegu mbovu. Ubonge vilevile. Pitisha vidole ubavuni, kama mbavu huzisikii amezidi, na Rottweiler mzito anaimaliza nyonga na goti mapema.

"Alichanjwa akiwa mdogo." Mara ngapi? Moja. Moja haitoshi kwa mbwa yeyote na kwa Rottweiler ndo kabisa, maana hawa pamoja na Doberman pavo, yaani kile kirusi cha kuhara damu, inawachukua vibaya kuliko mbegu nyingi. Unaanza wiki ya sita mpaka ya nane, unarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu na kurudia kama daktari wako atakavyokupangia. Na kama ulifiwa na mbwa kwa kuhara damu, usilete mwingine mdogo kwenye banda lile lile mwezi unaofuata, hicho kirusi kinakaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu sugua kwa sabuni kwanza kisha jiki. Mchanga hauoshiki.

Mkia. "Dokta huyu siyo orijino, ana mkia." Wote wanazaliwa na mkia! Zamani walikuwa wanakatwa, Ujerumani kwenyewe wamepiga marufuku tangu 1998, kwa hiyo wa huko huko asili yao wanatembea na mikia yao. Anayekuuzia bei juu kwa sababu kakata mkia kakuuzia kidonda.

Joto. Mwili mweusi, Dar, Januari, alafu mtu anamkimbiza mbwa Coco Beach saa saba mchana "apate mazoezi". Saa kumi na mbili asubuhi au jua likishazama, basi. Ukimwona anahema kwa nguvu bila kutulia, ulimi mwekundu sana, anayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na kumpepea HAPO HAPO, usianze kutafuta Bajaji kwanza, akianza kupoa ndo mje, huku mnaendelea kummwagia njiani.

La mwisho maana betri inaisha: "mbwa wa kizungu anaelewa Kiingereza tu." Nyumba nzima inaongea Kiswahili, mbwa peke yake anaambiwa "siti dauni" kwa lafudhi tano tofauti, baba anasema hivi, mtoto anasema vile, dada wa kazi anaona aibu hasemi kabisa, alafu mnasema mbwa mgumu. Chagueni neno moja, kaa, lala, njoo, acha, wote mlitumie hilo hilo. Kuna mzee Kigamboni anamwamuru jike lake kwa Kimakonde, mi mwenyewe sielewi neno hata moja, ila akishasema lile neno lake mbwa anakaa chini kabla mzee hajafunga mdomo.