Udanganyifu haukuletwa na ruksa

Hapa Dodoma utasikia wazee wakisema uaminifu uliondoka na "ruksa", pale biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980. Ninawaheshimu, lakini hilo si kweli. Magendo yalishamiri kabla, wakati nafaka zilitakiwa kuuzwa kwa shirika la umma, NMC, kwa bei ya kupangwa. Msako mkubwa wa wahujumu uchumi ulikuwa mwaka 1983. Sheria ilimgeuza mkulima kuwa mhalifu kwa kuuza jasho lake mwenyewe, na watu waliokuwa waadilifu wakajifunza kusafirisha magunia usiku.

Je, soko huria basi linatosha? Hapana. Tazama lumbesa, jambo linaloniuma sana: gunia limeshajaa, mnunuzi analiongezea kilemba juu, anashona kwa kamba, halafu analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Ila hakuna aliyemlazimisha kufanya hivyo, ameamua mwenyewe. Jirani yake anayenunua kwa mizani yumo katika soko hilohilo, na mkulima akiwa na namba yake ya simu, msimu ujao anampigia yeye kwanza.