Cheni ya taimingi ya 22R nayo huisha

Kemshafti, shafti inayofungua vali, huzungushwa na kranki kupitia mkanda au cheni ya taimingi. Wengi huamini mkanda ndio wa kubadilishwa, cheni inadumu na injini. Kwa injini ya Toyota 22R ya Hilux za katikati ya miaka ya 1980, imani hiyo inaua injini. Cheni hukatika kwa nadra. Zinazovunjika ni gaidi zake za plastiki, yaani reli zinazoiongoza. Hapo cheni inayumba, inausaga mfuniko wa mbele hadi inatoboa njia ya maji. Maji yanachanganyika na oili: ukichomoa stiki ya oili unakuta ina rangi ya chai ya maziwa. Injini baridi ikigongagonga kwa sekunde chache unapowasha, usisubiri.

Badilisha seti nzima: cheni, gia zake mbili, tensheni (kifaa kinachoikaza) na gaidi, hizi ziwe na mgongo wa chuma. Mfuniko ukigoma kutoka usiulazimishe kwa bisibisi, utaupasua: kuna bolti moja juu, ndani ya silinda hedi, chini ya gia ya distribyuta (inayogawa umeme wa plagi), mara nyingi imezama kwenye oili.

Pistoni ya kwanza iwe juu kabisa, pini ya kemshafti juu, viungo vya cheni vinavyong'aa vikae kwenye alama za gia. Zungusha kranki kwa spana mara mbili kabla ya kuwasha. Pini irudi juu. Viungo vyenyewe havitarudi kwenye alama, na hiyo ni kawaida.