Mtandao wa kitaaluma ni nini, na kwa nini si sawa na koneksheni

"Bila koneksheni hupati kazi." Maneno hayo mtu huyasikia kabla hata wino wa cheti chake haujakauka, na kwa kuwa anayeyasema mara nyingi ana uchungu wake, msikilizaji hubaki na maana moja tu: kuna wenye watu wao, na kuna wasio na mtu. Ndiyo maana mtafuta kazi akishauriwa ajenge mtandao wa kitaaluma, yeye husikia anaambiwa akajipendekeze kwa wakubwa. Wengine hukataa, wakilinda heshima yao. Wengine hukubali na kwenda kujikomba kweli, na hapo ndipo jambo zima linapopata jina baya.

Neno lenyewe nalo halisaidii. Siku hizi ukisema mtandao watu hudhani intaneti, ilhali asili yake ni kutandaa, kama utando wa buibui unavyotandaa kwenye pembe ya dari. Mtandao wa kitaaluma ni watu wanaoijua kazi yako, au ambao wewe unaijua kazi yao, kiasi kwamba mmoja akimwandikia mwenzake swali la kikazi haonekani mvamizi. Basi. Hakuna cheo humo wala undugu. Uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo yumo. Mwalimu aliyekusimamia utafiti yumo. Mteja wa zamani yumo, na hata mhariri aliyeikataa makala yako lakini akakueleza vizuri sababu. Koneksheni, kwa maana ile inayolalamikiwa, ni mtu wa kukupitisha mlango ambao sifa zako peke yake zisingeupita. Aliye katika mtandao wako wa kitaaluma hukuonyesha tu mlango ulipo, na pengine kumwambia wa ndani, "Huyu namjua, kazi yake nzuri." Usaili unaufanya mwenyewe.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo hadi leo ni vigumu kulizungumza jambo hili bila kuitaja. Aliwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi katika kitongoji kimoja cha Boston, akitaka kujua kazi mpya waliipataje. Waliosema wamesaidiwa na mtu aliwauliza tena: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye siku mojamoja, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Akiwauliza kama aliyewapa habari ni rafiki, mara nyingi walimsahihisha: si rafiki, ni mtu tunayefahamiana tu.

Sababu yake haiko mbali. Rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mnakaa na watu wale wale, mnasoma matangazo yale yale, na nafasi ikitoka mnatumiana wakati kila mmoja ameshaiona. Mtu wa mbali ana kundi lake, na kundi hilo lina habari zake. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa intaneti wa mambo ya kazi, uliochukua data za miaka mitano, nao ukaonyesha picha inayofanana na ile ya Granovetter, ila kwa marekebisho: wanaosaidia zaidi si wale wa mbali kabisa, bali wa katikati, ambao wewe na yeye mna watu kadhaa mnaowafahamu nyote wawili.

Sasa tazama maana yake kwa mtafuta kazi. Kama anayeweza kukufaa zaidi ni mtu anayekujua kidogo, basi adabu si pambo tena. Ndugu yako ukimtumia ujumbe wa hovyo atakusamehe, anakujua. Uliyekutana naye mara moja kwenye semina hana kipimo kingine cha kazi yako zaidi ya ujumbe huo. Umekosea kuandika jina lake? Atadhani ndivyo utakavyoandika majina ya wateja. Ulisema utapiga saa nne ukapiga saa sita? Ameshajua utakavyokuwa ukifika ofisini. Ni hukumu ya haraka, pengine ya uonevu, lakini ndiyo pekee aliyonayo. Tena akikupendekeza kwa mwajiri, amekukopesha jina lake. Ukiboronga, deni hulipwa na yeye: siku nyingine akipeleka jina la mtu, halitasikilizwa. Muda wa mtu na jina lake ndivyo vitu viwili anavyokupa, na karibu kanuni zote za adabu hii zinatoka humo.

Kosa la kwanza kwa ukubwa ni kumwomba kazi mtu asiye na kazi ya kutoa. "Habari, naomba unisaidie kazi yoyote, wasifu wangu huo hapo." Anayeandika hivi anadhani neno "yoyote" ni unyenyekevu. Kwa anayepokea ni mzigo: inabidi afungue faili, akisie wewe unafaa wapi, kisha amtafute wa kumwambia, na yote hayo kwa ajili ya mtu asiyemkumbuka vizuri. Yeye mwenyewe huenda haajiri mtu. Kwa hiyo amebaki na majibu mawili, hapana au kimya, na wengi huchagua kimya kwa sababu hapana inauma kuandika. Mwombe kile alicho nacho, yaani habari na maoni. Kwa mfano:

"Habari za kazi, Bi. Fulani. Tulikaa meza moja kwenye semina ya uhasibu mwezi Machi, ulipoeleza mlivyohamia programu mpya ya hesabu. Mkataba wangu umekwisha mwezi uliopita, na sasa natafuta nafasi ya ukaguzi wa ndani. Naomba dakika 15 za simu wiki hii au ijayo nikuulize mambo mawili: idara kama yenu inaangalia nini kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu, na kama cheti cha ukaguzi kina uzito kweli au ni karatasi tu. Ukiwa umebanwa, mistari miwili hapa hapa itanitosha."

Hakuna ufundi mkubwa hapo. Anaambiwa mlijuana wapi, kwa hiyo hahangaiki kukumbuka. Anaambiwa unatafuta nini hasa. Ombi lina mpaka, na kuna njia ya kukwepa bila aibu. Ajabu ni kwamba mtu akiachiwa njia ya kukwepa, mara nyingi haitumii.

Niseme neno kuhusu salamu, maana sisi wenye Kiswahili tuna ugonjwa wetu hapa. Mtu anatuma "Habari" saa tatu asubuhi, kisha anangoja. Anajibiwa "Nzuri" saa sita. Anatuma "Za siku nyingi?" Saa kumi anajibiwa "Salama, wewe?" Kufikia jioni aliyeandikiwa ameshajua kuna jambo linakuja, na ameanza kuliogopa. Kusalimu ni lazima, hakuna anayebisha. Lakini katika ujumbe wa kikazi salamu na shida hupanda chombo kimoja. Msalimu, jitambulishe, sema lililokuleta, ukome hapo.

Ukikubaliwa zile dakika 15, ziwe 15. Zikifika, sema zimefika, na yeye aamue kama anaongeza. Njoo na maswali ambayo majibu yake hayapo kwenye tovuti ya kampuni yao. Na usigeuze mazungumzo kuwa mtego: ulisema unataka maoni, dakika ya 12 unatoa wasifu na kuuliza kama kuna nafasi. Atajisikia amedanganywa, na kweli amedanganywa. Kama ipo nafasi na amekuona unafaa, mara nyingi ataitaja mwenyewe. Makampuni mengi huwalipa bonasi wafanyakazi wanaopendekeza mtu akaajiriwa, kwa hiyo huenda naye ana faida yake ya kukutaja. Swali la mwisho lenye thamani ni hili: "Yuko mtu mwingine unayeona ingenifaa nizungumze naye?" Hivyo ndivyo mtandao unavyotandaa.

Akikutajia mtu, usikimbilie simu. Muulize kwanza, "Naruhusiwa kutaja jina lako?" Wapo wanaosema ndiyo kwa furaha, wapo watakaotaka kumwandikia mwenzao kwanza wamwombe ridhaa, na huo wa pili ndio utaratibu wa kiungwana zaidi kwa sababu hakuna anayeshtukizwa. Mkishaunganishwa kwa barua pepe, jibu siku hiyo hiyo, mshukuru aliyewaunganisha, kisha mwondoe kwenye nakala ili asiletewe barua kumi za kupanga saa ya kuonana.

Wadhamini ndio wanaoonewa kuliko wote. Niliwahi kupigiwa simu na mtu wa rasilimaliwatu akiniuliza habari za kijana aliyeniandika kama mdhamini wake. Kijana hakuwa ameniambia lolote. Nikamjibu, "Nani?" Lile "nani" langu lilichukua sekunde mbili, na sidhani kama maneno mema yote niliyoyasema baadaye yaliziba pengo hilo. Mtu huombwa udhamini kabla jina lake halijaandikwa, na akishakubali hutumiwa tangazo la kazi pamoja na wasifu uleule uliopelekwa kwa mwajiri, ili akipigiwa ajue anamsemea nani na kwa kazi gani. Tena mwulize kwa namna itakayomwezesha kukataa: "Unaona unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuizungumzia?" Mdhamini mwenye kigugumizi ni hatari kuliko kutokuwa naye.

Je, asipojibu? Mkumbushe mara moja, baada ya wiki hivi, kwa sentensi moja isiyo na lawama. Halafu mwache. Tiki mbili za buluu zinaonyesha ujumbe umesomwa, hazisemi kwamba una haki ya kujibiwa. Kumfuata mtu huyo huyo WhatsApp, kisha LinkedIn, kisha kumtuma rafiki yake amuulize kama ameona, ni kumganda kama kupe, na hadithi hiyo husafiri haraka ndani ya taaluma ndogo.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Ukurasa wako wa kitaaluma mtandaoni uwe unasema kitu kimoja na wasifu wako, miaka ikiwemo. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani, hata kama ana hatia. Kwenye mkutano, usizungumze na mtu huku macho yako yakimtafuta mkubwa kuliko yeye.

Kuna mpaka mmoja ambao adabu haiwezi kuulainisha. Maombi yakishapelekwa, walio kwenye jopo la usaili si sehemu ya mtandao wako tena mpaka mchakato uishe, hata kama mlisoma darasa moja. Matangazo mengi ya kazi za umma hueleza wazi kwamba mwombaji atakayejaribu kuwashawishi wanaofanya uteuzi ataondolewa. Hapo ndipo mtandao unapovuka na kuwa koneksheni ile ya malalamiko, na ukivuka unamchafua pia aliyekubali kukupokea simu.

Wengi husema: mimi sina kazi, nitampa nini mtu? Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono wa mtafuta kazi si mtupu kama anavyodhani. Anasoma matangazo mengi kuliko mtu yeyote aliye kazini, na mengi si ya fani yake. Lile la mhandisi amtumie mhandisi. Alihudhuria mhadhara ambao mwenzake aliukosa, basi ampelekee muhtasari wa nusu ukurasa. Na kuna kitu kimoja ambacho kila aliyesaidia mtu hukitamani na karibu kamwe hakipati, nacho ni kujua mambo yaliishaje. Alikupa jina la mtu mwezi wa nne. Sasa ni mwezi wa tisa na hajui kama mlionana. Mwambie, hata kama ilishindikana, kwa sababu akijua ilishindikana wapi huenda akakumbuka mwingine.

Na ukipata kazi, usipotee. Wengi hupotea hapo hapo, kisha hurudi baada ya miaka miwili na "Habari" ile ya saa tatu asubuhi. Wakati mzuri wa kuandika ni ule ambao huombi kitu, na ujumbe wenyewe hauzidi mistari mitatu: "Nimeanza kazi Jumatatu. Si ile uliyonidokeza, lakini yule uliyenitajia ndiye aliyenielekeza huku. Asante sana."